Taa za kuzama darini na swichi janja sebuleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Mtwara na Lindi

Majibu haya ni ya anayejenga au kukarabati nyumba ya tofali na bati katika mikoa ya Mtwara na Lindi, anayetaka sebule yenye taa zilizozama darini, zinazopungua mwanga na kujiwasha kwa saa au kwa simu. Jambo moja litajirudia: maamuzi ya taa yafanyike kabla ya plasta na kabla ya dari kufungwa. Baada ya hapo kila kosa ni la kubomoa.

Nianze na nini: kununua taa, kumwita fundi umeme, au kumwita fundi jipsamu?

Anza na karatasi na futi kamba. Chora sebule kwa vipimo vyake, weka milango na upande inakofungukia, madirisha, televisheni, makochi, meza ya chakula kama iko humo humo, na pangaboi. Ndipo uamue taa zikae wapi. Wengi huanza na idadi, "niwekee kumi na mbili", na fundi jipsamu anazigawa kwa macho ili zipendeze ukiwa mlangoni. Ikifika usiku, taa moja inampiga usoni aliyejilaza kwenye kochi, na kona ya kusomea iko gizani.

Ukishajua mahali, gawa taa katika makundi, kila kundi na swichi yake. Sebule ya kawaida inatoshwa na makundi manne: taa za upande wa televisheni, taa za upande wa makochi, utepe wa taa za LED uliofichwa kwenye boksi la dari (ukingo wa dari ulioshushwa kuzunguka chumba), na taa moja au mbili za ukutani. Kundi la upande wa televisheni likizimwa peke yake, kioo hakimeremeti.

Kazi ifuate mpangilio huu: mabomba ya nyaya na maboksi ya swichi kabla ya plasta, nyaya zivutwe kabla ya dari, matundu yakatwe baada ya skimu na mkono wa kwanza wa rangi, taa zifungwe mwisho kabisa. Taa zikifungwa kabla ya jipsamu kupigwa msasa, vumbi linaingia ndani na kubaki humo.

Sebule yangu ni mita 4 kwa 5. Taa ngapi?

Nane za wati 7, kama kuta zako ni za rangi ya mwanga na dari iko kati ya mita 2.7 na 3.

Hesabu yake hii hapa. Mwanga wa jumla wa kukaa na kuongea unataka laksi 100 hadi 150 (laksi ni mwanga unaoangukia kila mita ya mraba, lumeni ni mwanga wote unaotolewa na taa). Ukichukua 150 mara mita za mraba 20, unahitaji lumeni 3,000 zifike chini. Kuta, kioo cha taa na vumbi hula sehemu, kwa hiyo hesabu kwamba asilimia 60 tu ndiyo inayofika: 3,000 gawa kwa 0.6 ni lumeni 5,000. Taa nzuri ya wati 7 hutoa lumeni 600 hivi, nane zinakupa 4,800. Ukiwa na utepe kwenye boksi la dari, sita zinatosha.

Soma lumeni kwenye boksi, usisome wati. Wati ni umeme unaoliwa, na taa mbili za wati 9 zinaweza kupishana mwanga sana.

Kwa upangaji, umbali kutoka ukutani uwe nusu ya umbali kati ya taa na taa. Kwa taa nane katika mistari miwili ya nne nne: urefu wa mita 5 gawa kwa 4 ni mita 1.25 kati ya taa, na ya kwanza inakaa sentimita 62 na nusu kutoka ukutani. Upana wa mita 4 gawa kwa 2 ni mita 2 kati ya mistari, na kila mstari uko mita 1 kutoka ukuta wake.

Mbona nikiwasha pangaboi mwanga unacheza sebule nzima?

Mbawa zinakatiza mwanga wa taa zilizo karibu nazo. Kivuli kinapita juu ya meza na kuta kila ubawa unapopita, na macho huchoka upesi. Hili ndilo kosa linalouma zaidi huku pwani, maana pangaboi halizimwi usiku wa joto, na tiba yake ni kuhamisha tundu kwenye dari iliyokwisha kupakwa rangi.

Jilinde kwa hesabu. Pangaboi la inchi 56 lina kipenyo cha mita 1.42, hivyo ncha ya ubawa iko sentimita 71 kutoka katikati. Mbawa zikiwa sentimita 30 chini ya dari, taa yenye mwanga unaotawanyika kwa pembe ya nyuzi 60 ikae angalau sentimita 18 nje ya ncha. Ya nyuzi 90, sentimita 30. Ya nyuzi 120, sentimita 52. Nyuzi hizi zimeandikwa kwenye boksi la taa. Fimbo ya pangaboi ikiwa ndefu zaidi, umbali unaongezeka kwa uwiano huo huo.

Rudi kwenye sebule ya mita 4 kwa 5 yenye pangaboi katikati. Taa nne za kati ziko mita 1.18 kutoka katikati, yaani sentimita 47 nje ya ncha. Za nyuzi 60 na 90 zinapita salama. Za nyuzi 120, ambazo ndizo zile bapa za kioo cheupe, mwanga wake utagusa mbawa. Ama ununue za nyuzi 90, ama usogeze taa hizo sentimita 10 kuelekea ukutani.

Pangaboi libaki na regyuleta yake. Dima, yaani kipunguza mwanga cha taa, haiendeshi pangaboi, na regyuleta ya pangaboi haipunguzi taa.

Rangi gani ya mwanga?

Kelvini 3,000 kwa sebule. Nyeupe kali ya 6,500 imezoeleka sana, lakini inafaa duka na stoo. Sebuleni inafanya ngozi za watu na chakula vionekane vimepauka. Ukiona 3,000 ni ya manjano mno kwako, chukua 4,000. Tazama pia alama ya CRI au Ra: isiwe chini ya 80, na 90 ndiyo inayoonyesha rangi za kitenge kama zilivyo.

Zipo taa za rangi tatu zenye kiswichi kidogo kwenye draiva, kile kifaa kinachobadili umeme wa nyumba ufae taa ya LED. Hakikisha kila draiva imewekwa rangi moja kabla taa haijasukumwa darini. Nunua mbili za ziada za shehena ile ile uziweke. Miezi sita baadaye dukani utapata nyingine yenye weupe tofauti kidogo, na itaonekana.

Dari yetu iko chini ya bati. Joto litaharibu taa?

Litaharibu draiva kwanza. Mchana wa jua, hewa iliyonaswa kati ya bati na dari inaweza kupita nyuzi joto 50, na ndani ya draiva kuna kapasita zenye majimaji ambazo maisha yake hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Ndiyo maana taa iliyoandikwa saa 30,000 hufa mwaka wa pili.

Tafuta herufi ta kwenye lebo ya draiva: hiyo ni joto la juu la hewa inayoizunguka. Chukua yenye 45 au 50, uache ya 40. Draiva isikae juu ya mgongo wa taa. Iweke pembeni juu ya mbao, mbali kwa urefu wa waya wake. Usirundike kitu chochote juu ya taa, na kama umeweka sufi ya kuzuia joto, acha nafasi ya sentimita 10 kuizunguka kila taa. Matundu ya hewa kwenye mapaa yawe na wavu, panya na popo wasipite. Panya wakiingia watatafuna nyaya, kwa hiyo nyaya zote za darini zipite ndani ya bomba la plastiki la milimita 20 hadi karibu na taa.

Dari ya plastiki inahitaji uangalifu zaidi: taa yenye moto mgongoni inaikunja. Weka taa bapa za wati 6 au chini.

Tuko karibu na bahari. Kuna cha ziada?

Ndiyo. Shangani, Mikindani na Lindi mjini, upepo wa kusi unaleta chumvi hadi darini kupitia mapaa. Vinavyokufa kwanza ni vibanio vya springi vinavyoshika taa na skrubu za viunganishi vya nyaya. Kibanio kikiliwa na kutu, taa inaning'inia kwa waya wake. Chagua mwili wa alumini na vibanio vya chuma kisichoshika kutu. Sumaku ikinasa kwa nguvu kwenye kibanio, huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa. Badala ya kiunganishi cha skrubu tumia cha kubana kwa kijiti, na usikubali nyaya zilizosokotwa na kufungwa selotepu tu. Masasi, Newala na Nachingwea chumvi si tatizo. Huko angalia zaidi vumbi.

Na kumbikumbi?

Chukua taa zenye alama IP44 (kiwango cha kuzibwa dhidi ya vitu vidogo na maji) au zaidi upande wa chumbani. Zilizo wazi zitajaa wadudu waliokufa mvua za kwanza tu.

Utepe kwenye boksi la dari: mita ngapi, na pawasaplai gani?

Boksi likiwa na upana wa sentimita 40 kuzunguka sebule ya mita 4 kwa 5, ukingo wa ndani ni mita 3.2 kwa 4.2, jumla mita 14.8. Tumia utepe wa volti 24, unaolishwa na pawasaplai inayoshusha umeme wa nyumba hadi volti hizo, usitumie wa 12. Kwa wati zile zile wa 12 unapitisha mkondo mara mbili, na mwisho wa utepe mwanga unafifia.

Utepe wa wati 9.6 kwa mita unahitaji wati 142. Gawa mara mbili: vipande viwili vya mita 7.4, kila kimoja wati 71. Ongeza asilimia 20 ili pawasaplai isifanye kazi hadi kooni, unapata wati 85. Nunua mbili za wati 100. Kila kipande kilishwe kutoka ncha zote mbili, au kutoka katikati.

Utepe ubandikwe kwenye reli ya alumini. Ukibandikwa kwenye jipsamu moja kwa moja, gundi inaachia kwa joto na utepe unashuka. Acha angalau sentimita 12 kati ya utepe na dari ya juu yake, la sivyo utaona madoa ya taa badala ya mwanga laini. Na pawasaplai ikae mahali mkono unafika. Ikizibiwa ndani ya jipsamu, siku ikifa utakata dari.

Fundi anasema swichi janja haiwezekani kwa sababu hakuna nyutro. Ana maana gani?

Anasema kweli kwa swichi janja nyingi. Katika nyumba nyingi, boksi la swichi lina nyaya mbili tu: laivu inayoingia na laivu inayokwenda kwenye taa. Nyutro, yaani waya wa kurudi wa umeme, imeishia darini. Swichi ya kawaida haiihitaji, ila swichi janja ni kompyuta ndogo inayopaswa kula umeme hata taa ikiwa imezimwa, na bila nyutro mzunguko wake haukamiliki.

Kama hujapiga plasta, mwambie fundi mambo haya, kwa maandishi ikiwezekana:

- Nyutro ifike katika kila boksi la swichi la sebule, hata lile ambalo leo litafungwa swichi ya kawaida.
- Maboksi yawe ya kina cha milimita 47. Ya 35 hayatoshi swichi janja na nyaya zake.
- Waya wa taa milimita za mraba 1.5, kahawia laivu, bluu nyutro, kijani na njano ethi. Ethi ifike kwenye kila taa na kila swichi.
- Breka ya taa za sebule iwe ya ampea 10. Mzigo wenyewe hauzidi ampea moja, lakini draiva nyingi zikiwashwa kwa pamoja huvuta kwa nguvu sekunde ya kwanza na breka ya 6 inaweza kuruka.

Nyumba ikiwa imekwisha, bado kuna njia. Kidude cha rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) kinafungwa darini karibu na taa, kwenye nyutro iliyopo, na swichi ya zamani inabaki ukutani kama kitufe chake. Tunaipendelea kuliko swichi janja zinazodai kufanya kazi bila nyutro, kwa sababu inayofuata.

Nimezima taa lakini zinabaki zikiwaka kidogo, au zinapepesa. Kwa nini?

Kuna umeme mdogo unaopita. Vyanzo ni vinne: swichi janja isiyo na nyutro inayojilisha kupitia taa; swichi yenye kitaa cha kuonyesha; waya mrefu wa taa uliolala sambamba na waya wenye umeme; au, hatari kuliko zote, swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya laivu. Anza na hilo la mwisho: swichi ikiwa imezimwa, fundi apime kwenye taa. Akikuta laivu, aibadili siku hiyo hiyo, kwani anayebadilisha taa akiamini imezimwa atapigwa shoti. Kwa vyanzo vingine, kapasita ndogo inayouzwa na swichi hizo, ikifungwa sambamba na taa ya kwanza ya kundi, kwa kawaida humaliza tatizo.

Dima ninunue ipi?

Taa na dima vikubaliane. Taa iwe imeandikwa kwamba inapungua mwanga, na dima iwe ya LED. Dima za zamani zilitengenezwa kwa globu za moto na nyingi zinataka mzigo wa wati 40 au zaidi, wakati taa zako nne ni wati 28 tu; ndipo zinapopepesa na kunguruma. Jaribu taa moja na dima moja mezani kwa fundi kabla ya kununua nane. Utepe una kipunguzi chake cha volti 24, kinachokaa kati ya pawasaplai na utepe.

Taa janja au swichi janja?

Swichi. Mgeni au mtoto akibonyeza swichi ya ukutani, taa janja inakufa na simu haiioni tena. Ukiwa na swichi janja, bibi anabonyeza ukutani kama alivyozoea, wewe unatumia simu, na vyote vinakubaliana. Taa janja inafaa sehemu moja unayotaka kubadilisha rangi, basi.

Madukani kuna za duara na za mraba. Boksi letu ni la mraba, chukua swichi ya milimita 86 kwa 86, ya volti 230 na hezi 50.

Umeme ukikatika na kurudi usiku wa manane itakuwaje? Na intaneti ikikata?

Kwenye programu ya swichi kuna mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi. Weka "zima". Usipoweka, baadhi zitawaka zote saa nane usiku.

Umeme unaporudi mara nyingi huja na msukosuko wa volti, na radi za masika huongeza. Kwenye boksi la breka weka kizuia msukosuko cha aina ya 2, chenye ethi ya kweli iliyopimwa. Chagua draiva zinazokubali volti 100 hadi 265. Za bei ya chini kabisa hufifia na kupepesa volti ikishuka.

Kuhusu intaneti, ulizia kabla ya kununua kama swichi inafanya kazi ndani ya nyumba bila kwenda nje. Za Zigbee (mawasiliano ya redio ya vifaa vya nyumbani) zenye habu, kifaa cha kuziunganisha, kwa kawaida zinaweza. Nyingi za Wi-Fi hutegemea seva za mbali, hivyo kifurushi kikiisha ratiba na amri za simu zinaweza kukwama, ingawa kitufe cha ukutani kinaendelea. Swichi za Wi-Fi huunganishwa kwa gigahezi 2.4, ruta ikitoa ya 5 peke yake hazitaiona. Wi-Fi ya simu yako haifai, maana ukitoka nayo inatoka na akili ya nyumba.

Kihisi cha mwendo kinafaa sebuleni?

Koridoni na barazani kinafaa sana. Sebuleni kinasumbua: watu wametulia wanatazama taarifa ya habari, kihisi hakioni mwendo, kinazima taa. Aidha, kihisi cha kawaida hutambua tofauti ya joto la mwili na la chumba, na chumba kikikaribia nyuzi 35 uwezo wake unapungua. Kwa sebule tumia kihisi cha rada kinachotambua hata pumzi, ila usikielekeze kwenye pangaboi wala pazia, vitakidanganya. Au achana na vihisi, weka ratiba ya kuwasha utepe magharibi na kuuzima saa tano usiku. Kwa familia nyingi hilo linatosha.

LUKU itapanda kiasi gani?

Taa nane za wati 7 kwa saa tano kila siku ni uniti 8.4 kwa mwezi. Utepe wa wati 142 kwa saa hizo hizo, ukiwaka kikamilifu, ni uniti 21. Ukiupunguza nusu ni karibu 11. Swichi janja tano zinazokula nusu wati kila moja mchana na usiku ni uniti 1.8. Kwa mteja wa D1 (kundi la matumizi madogo ya nyumbani) mwenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, utepe ndio wa kuchungwa.

Nyumba yetu ni ya zamani Mikindani, ya mawe na boriti. Tutazamishaje taa?

Msizamishe. Kukata boriti ni kudhoofisha dari, na chokaa ya zamani inameguka. Tumieni taa za kubandika za silinda kwenye kamba ya waya inayofuata boriti, na taa za ukutani zinazomulika juu; ukuta mweupe wa chokaa unarudisha mwanga vizuri. Swichi zisizo na waya, za betri, zitawaepusha kuchimba ukuta.

Matundu yakatweje?

Taa ziwe mkononi kwanza. Kipimo cha tundu kiko kwenye boksi na ni kidogo kuliko uso wa taa: yenye uso wa milimita 120 inaweza kutaka tundu la 105. Kata la majaribio kwenye kipande kilichobaki cha jipsamu. Tafuta mbao kwa kugonga au kwa sumaku inayonasa skrubu. Tundu likiangukia kwenye mbao, sogeza mstari mzima, kwani taa moja iliyopinda huonekana kuliko mstari mzima uliosogea sentimita tano. Zima breka. Kata kwa msumeno wa duara uliofungwa kwenye drili, mwendo wa polepole, kikombe cha vumbi chini yake. Vuta waya uchungulie sentimita 30, ili siku ya kubadilisha taa ishuke hadi usawa wa kichwa.

Nikague nini kabla ya kumlipa fundi?

Awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Bonyeza kitufe cha majaribio cha kikatizi cha miliampea 30 (kinachokata umeme unapovuja), kiruke. Washa makundi yote pamoja na pangaboi kwa kasi ya juu, kaa kwenye kila kochi, tazama kama kivuli kinacheza. Acha zote ziwake kwa muda wa saa mbili mchana wa jua, kisha panda darini na fundi mguse draiva moja moja. Isiyogusika kwa sekunde tano ihamishwe au ibadilishwe. Zima na uwashe swichi kuu mara tatu, uone kila swichi janja inarudi ilivyopangwa. Mwisho piga picha za nyaya za darini na za kila boksi la swichi likiwa wazi, uzihifadhi pamoja na mchoro wako.